Alama 60 za jaribio la uwezo: je, zinatosha kumwondoa mtu anayeifanya kazi vizuri?

Msimamizi wa Ghala (muuliza)

Ndugu zangu, salaam. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa kuajiri na ya wenye elimu ya upimaji, kwa sababu jambo hili linaninyima usingizi na muda uliobaki kabla ya kulitolea uamuzi ni wiki mbili tu.

Ninasimamia kitengo cha kupokea na kutoa bidhaa katika ghala kubwa. Tulitangaza nafasi 12 za ukarani wa ghala, na waombaji waliotimiza masharti ya tangazo wakafika 340. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, uongozi umenunua jaribio la uwezo lililotungwa na kampuni ya nje. Lina maswali ya mfululizo wa tarakimu, ya kutambua umbo linalofuata, ya maana za maneno na ya kusoma majedwali, na yote hufanywa kwenye kompyuta kwa dakika 30. Anayepata alama 60 kati ya 100 au zaidi anaitwa kwenye usaili, na aliye chini ya hapo anaandikiwa barua ya kumshukuru. Waliovuka ni 120.

Miongoni mwa wasiovuka yumo dada mmoja ambaye amefanya kazi nasi kwa mkataba wa muda kwa miaka miwili, na kazi yake ndiyo hii hii tunayoitangaza. Kila tunapohesabu mali, rafu zake ndizo zinazolingana na leja. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mzigo mmoja ulikuwa ukiingizwa kwa katoni wakati wa kupokea na kutolewa kwa kipande wakati wa kutoa, kosa lililokuwa limetusumbua kwa miezi bila yeyote kati yetu kujua chanzo chake. Alama yake ni 56.

Nilipomtetea niliambiwa kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba tukimlegezea mmoja tutakuwa tumerudi kwenye kupeana kazi kwa kujuana. Sitaki kulipuuza jibu hilo, kwa sababu kujuana nimekuona kwa macho yangu na sitaki turudi huko. Lakini siwezi pia kukubali kwamba dakika 30 zinajua kuhusu mtu huyu kuliko ninavyojua mimi niliyemwona akifanya kazi kwa miaka miwili. Naomba kueleweshwa: alama ya jaribio la namna hii inatuambia nini hasa kuhusu kazi ya mtu, na je, ipo njia ya kumtendea haki dada huyu bila kuufungua mlango ambao uongozi unaogopa, kwa haki, kuufungua?

Mpimaji

Ndugu Msimamizi, nimefanya kazi ya kutunga na kutathmini majaribio kwa muda mrefu, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako limegusa mahali ambapo waajiri wengi hukosea bila nia mbaya.

Alama ya jaribio la uwezo ni dalili, na nguvu ya dalili hiyo inaweza kupimwa. Watafiti huwapa waombaji jaribio, husubiri waajiriwe, kisha hulinganisha alama zao na jinsi walivyofanya kazi. Matokeo huandikwa kwa namba ambayo 0 maana yake ni kwamba alama haisemi lolote kuhusu kazi, na 1 maana yake ni kwamba inasema yote. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha muhtasari wa utafiti wa miaka 85, na kwa majaribio ya uwezo wa jumla wa akili walitoa 0.51. Namba hiyo ndiyo iliyobebwa na wauzaji wa majaribio kila pembe ya dunia, na kwa zaidi ya miaka 20 ilionekana kama jambo lililokwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake watatu waliirudia hesabu ile na kuonyesha kwamba sehemu ya ukubwa wake ilitokana na marekebisho yaliyozidishwa. Inafaa nieleze marekebisho hayo, kwa sababu hata wewe utakutana na tatizo lenyewe. Mwajiri huona kazi ya wale aliowaajiri tu, na mara nyingi hao ndio waliopata alama za juu. Waliopata chini hawakuingia, kwa hiyo hajui wangefanyaje. Ni sawa na kutaka kujua kama mvua inasaidia mazao kwa kutazama mashamba yaliyopata mvua nyingi pekee: uhusiano utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Ndiyo maana watafiti huongeza kitu ili kufidia upungufu huo, na hoja ya Sackett ilikuwa kwamba nyongeza ile ilitumika hata pale ambapo haikustahili. Baada ya hesabu mpya, uwezo wa jumla ulishuka hadi 0.31. Usaili wenye muundo, yaani ule ambao kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale yanayohusu kazi na majibu yake kupimwa kwa mwongozo ulioandikwa kabla, ulisimama juu kwa 0.42, majaribio ya ujuzi wa kazi yakapata 0.40 na sampuli za kazi, yaani kumpa mwombaji kipande cha kazi yenyewe akifanye, 0.33. Wapo wataalamu wanaobishana na namba hizo hadi sasa, lakini hakuna mtafiti makini anayedai kwamba jaribio la uwezo ni kipimo kinachojitosheleza.

Sasa tuitazame 0.3 kwa macho ya ghala lako. Chukua watu 100 waliopata alama juu ya katikati ya waombaji wote: karibu 60 kati yao watakuwa pia juu ya katikati katika kazi, na karibu 40 watakuwa chini. Hiyo ni tofauti ya kweli na ina faida, lakini si ya kumhukumu mtu mmoja kana kwamba tumemwona ndani.

Faida yenyewe inategemea pia namna unavyoitumia alama. Mwaka 1939 H. C. Taylor na J. T. Russell walichapisha majedwali yanayoonyesha jambo hilo, na ninasikitika kwamba wengi wanaonunua majaribio leo hawajawahi kuyaona. Tuseme nusu ya waombaji wako 340 wangeiweza kazi. Ukichukua watu 12 kwa bahati nasibu, utapata kama 6 wanaofaa. Ukichukua 12 wenye alama za juu kabisa, na jaribio likawa na nguvu ya 0.3, utapata kama 9. Lakini ninyi mmeweka kizingiti cha 60, wakavuka 120, na kutoka hapo alama haihesabiki tena. Kama usaili unaofuata ni wa mazungumzo yasiyo na muundo, faida ya jaribio katika wale 12 wa mwisho inabaki kuwa kupata 7 au 8. Kwa maneno mengine, mmelipia chombo, mkatupa sehemu kubwa ya taarifa yake, kisha mkaishikilia kwa ukali ile sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, yaani tofauti kati ya 56 na 60.

Kuhusu tofauti hiyo: hakuna jaribio lisilo na kosa la kipimo. Mtu yule yule akifanya toleo jingine la jaribio kesho, alama itapanda au kushuka kidogo kwa sababu ya usingizi, maswali yaliyomwangukia au bahati ya kubahatisha jibu. Kiasi cha kosa hilo hukokotolewa kutoka kwenye uthabiti wa jaribio, yaani kiasi ambacho alama hubaki zile zile watu wakipimwa tena, na kampuni iliyowauzia inapaswa kuwapa namba hiyo. Mfano: ikiwa mtawanyiko wa kawaida wa alama, yaani umbali wa kawaida wa alama za watu kutoka kwenye wastani, ni 10 na uthabiti ni 0.84, ambao si mbaya, kosa la kipimo ni alama 4. Kwa jaribio la namna hiyo, mwenye 56 na mwenye 60 hatuwezi kuwatenganisha kwa uaminifu.

Nina tahadhari moja upande wa pili, ili nisionekane nimekupa ushindi wa bure. Utafiti ule ule unaonyesha kwamba idadi ya miaka ya uzoefu, ikichukuliwa kama namba tu, ni dalili dhaifu sana. Mwaka 1998 ilipewa 0.18. Kwa hiyo usimtetee dada yule kwa kusema ana miaka miwili. Mtetee kwa kile alichokifanya ndani ya miaka hiyo, kilichoandikwa na kinachoweza kukaguliwa: hesabu za rafu, makosa yaliyogunduliwa, leja zenyewe. Jaribio lilikusudiwa kubashiri utendaji wa baadaye, na ninyi utendaji mnao tayari mkononi.

Mstaafu wa Ajira

Nimeyasoma maneno ya ndugu Mpimaji na sina ugomvi na hesabu zake. Lakini nimekaa katika meza za kuajiri kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na ninaomba mnisikilize kwa sababu naona mjadala unaelekea kuisahau hali iliyokuwapo kabla ya majaribio.

Nilipoanza kazi, hapakuwa na jaribio lolote. Palikuwa na usaili, na usaili wenyewe ulikuwa mazungumzo. Mwenyekiti wa jopo aliuliza alichotaka, mwombaji aliyejua kuzungumza akazungumza, na mwishoni tuliulizana “mmemwonaje?” Yule aliyefanana nasi kwa lafudhi, kwa shule, kwa namna ya kukaa kwenye kiti, ndiye tuliyemwona kuwa ana akili. Na hapo sijataja vile vikaratasi vilivyoletwa kwa mkono kutoka kwa wakubwa, vikiwa na jina moja tu. Nilivipokea na nikavitekeleza, na hilo ninalijutia mpaka leo, kwa sababu kwa kila jina lililoingia kwa kikaratasi palikuwa na kijana mmoja aliyerudi nyumbani akiamini kwamba hakufaa.

Jaribio la kwanza tulilolitumia lilikuwa na kasoro zote zilizotajwa hapa. Hata hivyo mwaka ule tuliajiri watu ambao hakuna mmoja wetu aliyewajua wala aliyewahi kusikia ukoo wao. Mmoja wao alikuwa mkimya kiasi kwamba katika usaili wa zamani asingepita hata dakika tano. Baadaye alikuja kuongoza idara nzima.

Jambo hili si letu peke yetu. Uingereza, mwaka 1854, ripoti ya Northcote na Trevelyan ilipendekeza kwamba watumishi wa serikali wapatikane kwa mitihani ya ushindani badala ya upendeleo wa wakubwa, na iliwachukua mpaka mwaka 1870 kuufanya ushindani wa wazi kuwa kanuni katika sehemu kubwa ya utumishi, kwa sababu waliofaidika na upendeleo hawakukubali kirahisi. China ilikuwa na mitihani ya kuingilia utumishi wa dola kwa karne nyingi kabla ya kuifuta mwaka 1905. Mitihani ile ilikuwa na lawama zake nyingi, lakini ilimpa nafasi mtu asiye na mtu.

Kwa hiyo, ndugu Msimamizi, sikuambii umwache dada yule. Ninakuambia uyachukue kwa uzito maneno ya uongozi wako. Leo wewe mwenye nia njema unaomba alama 56 ipite kwa sababu unamjua mtu na kazi yake. Kesho mwingine ataiomba 41 ipite kwa maneno hayo hayo, naye pia ataapa kwamba anaijua kazi ya mtu wake. Ukitaka kumsaidia, msaidie kwa kanuni ambayo ungekubali itumiwe na mtu usiyemwamini.

Mwombaji

Shikamoo, mzee Mstaafu, na salaam kwa wengine. Mimi si mtaalamu; nimekaa upande wa pili wa meza mara nyingi, na nataka kuongeza kitu kidogo.

Jaribio la aina hii nilishindwa mara mbili katika taasisi mbili tofauti. Kabla ya mara ya tatu, rafiki yangu alinipa maswali ya mazoezi na akanionyesha kwamba mifululizo ya tarakimu ina mbinu zisizozidi kumi ambazo hurudiwarudiwa: tofauti kati ya namba, tofauti ya tofauti, mifululizo miwili iliyosukwa pamoja, na kadhalika. Nikafanya mazoezi kwa wiki tatu, na mara ya tatu nikapita kwa alama za juu. Akili yangu haikukua katika wiki tatu. Kilichobadilika ni kwamba maswali hayakuwa mageni tena na sikupoteza dakika tano za mwanzo nikijaribu kuelewa ninachotakiwa kufanya.

Niliona pia jinsi muda unavyowaumiza watu wasio na upungufu wa kufikiri. Aliyeketi karibu nami mara ya pili alikuwa na uoni hafifu na alilazimika kuusogelea uso wa kompyuta kusoma kila swali. Alijibu maswali machache, na kwa jinsi tulivyoyajadili baadaye, karibu yote aliyoyafikia aliyajibu sawasawa. Hakuna aliyemwuliza kabla kama angehitaji maandishi makubwa au muda wa ziada.

Ninaomba waajiri watutumie waombaji wote maswali ya mfano mapema, bila malipo, pamoja na maelezo ya namna jaribio linavyoendeshwa, ili kinachopimwa kiwe uwezo wa mtu na si bahati ya kuwa na rafiki kama niliyekuwa naye mimi.

Mpimaji

Dada Mwombaji (au kaka, uniwie radhi), ulichokieleza kimethibitishwa mara nyingi katika utafiti: kurudia jaribio hupandisha alama kwa wastani, na mafunzo ya mbinu huongeza zaidi. Wapimaji wa jeshi la Marekani walikutana na tatizo linalokaribiana na hilo mwaka 1917, walipoanza kuwapima askari wapya, ambao hatimaye walizidi milioni moja: ilibidi watunge jaribio moja la kusoma na jingine la picha na ishara kwa wasiojua kusoma au wasiojua Kiingereza. Hata hilo la picha lilidhania mambo ambayo wengi waliopimwa hawakuwahi kuyaona, na alama zao zikatumiwa baadaye kuzisingizia jamii nzima upungufu wa akili. Ni historia inayotupasa sisi wa fani hii kuikumbuka kwa aibu.

Wakili wa Kazi

Ndugu Msimamizi, sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na kabla ya kuchukua hatua utapaswa kuiangalia ya kwenu. Hata hivyo ipo kesi moja ambayo kila anayetumia majaribio anafaa kuifahamu, kwa kuwa inafanana na hali yako kwa namna ya kushangaza.

Ni kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971. Kampuni ile ya umeme ilikuwa ikiwaweka wafanyakazi weusi katika idara moja tu, ile ya kazi za sulubu zenye malipo ya chini kuliko zote. Siku sheria ya kupinga ubaguzi katika ajira ilipoanza kutumika, tarehe 2 Julai 1965, kampuni ilianza kudai kwamba anayetaka kuajiriwa katika idara nyingine, ambaye tayari alitakiwa kuwa na cheti cha sekondari, afaulu pia majaribio mawili, moja la uwezo wa jumla na jingine la ufahamu wa mitambo. Kila mtu alipewa jaribio lile lile, na kwa juu juu lilionekana la haki. Lakini wazungu walioajiriwa zamani bila cheti wala jaribio walikuwa bado katika idara hizo, wakiifanya kazi vizuri na wakipandishwa vyeo. Kama watu wasiokidhi sharti wanaiweza kazi, sharti hilo linapima nini? Mahakama iliamua kwa kauli moja kwamba sharti linaloliondoa kundi fulani kwa wingi, hata kama halikuwekwa kwa nia mbaya, halikubaliki mpaka mwajiri aonyeshe kwamba linahusiana na kazi yenyewe.

Mwaka 1978 mamlaka za Marekani ziliweka kipimo cha kukadiria: kiwango cha kufaulu cha kundi moja kikiwa chini ya asilimia 80 ya kile cha kundi lililofaulu zaidi, kwa kawaida hiyo huchukuliwa kuwa dalili ya madhara, na mwajiri anatakiwa ajieleze. Chukua orodha yako ya watu 340 ujaribu hesabu hiyo kati ya wanawake na wanaume. Ni kazi ya nusu saa. Afrika Kusini nayo, katika sheria yake ya usawa katika ajira ya mwaka 1998, inakataza majaribio ya kisaikolojia kwa wafanyakazi isipokuwa pale ambapo yamethibitishwa kisayansi kuwa halali na thabiti, yanaweza kutumiwa kwa haki kwa wote, na hayana upendeleo dhidi ya yeyote au kundi lolote. Angalia mzigo ulivyowekwa: anayelitumia jaribio ndiye anayepaswa kuwa na ushahidi, na si anayelalamika.

Ila nisikufiche kwamba mahakama hazimlindi kila aliyeonewa na alama. Katika mji wa New London, Marekani, mwombaji wa kazi ya upolisi alipata 33 katika jaribio la maswali 50 la dakika 12, na akakataliwa kwa sababu alama ilikuwa juu mno; idara ilikuwa ikiwaita waliopata kati ya 20 na 27, ikiamini kwamba wenye akili nyingi watachoka na kazi mapema. Alishitaki, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaona kwamba kanuni hiyo ilitumika kwa wote bila ubaguzi wa makundi yanayolindwa, hivyo akashindwa. Kanuni ikitumiwa kwa usawa inaweza kuvuka kizingiti cha sheria, na bado isiwe ya busara.

Ushauri wangu wa kiofisi ni mmoja: usimwombee dada yule peke yake msamaha. Barua yoyote inayosema “fulani apitishwe” itakuwa ushahidi dhidi yenu siku mwingine mwenye 56 atakapoipata.

Msimamizi wa Ghala (muuliza)

Nawashukuru sana. Leo asubuhi nilipitia upya orodha na nikaona kwamba kati ya 52 na 59 wapo watu 47, na sikuwa nimewafikiria hata kidogo. Nilikuwa nikimfikiria mmoja tu ninayemjua. Maneno ya mzee Mstaafu yalinigusa hapo. Nimeiandikia pia kampuni iliyotuuzia jaribio nikiomba namba ya uthabiti na ushahidi wowote kwamba alama zake zinahusiana na ukarani wa ghala. Wamenijibu kwa kijitabu chenye picha nzuri na maelezo kwamba jaribio linatumika katika nchi nyingi. Namba sikuiona.

Nafikiria kupendekeza kwamba kizingiti kishuke hadi 52 kwa wote, kisha wote watakaokuwamo, yaani watu 167, wapewe zoezi la kazi yenyewe kabla ya usaili. Ndugu Mpimaji, je, zoezi la namna hiyo linatungwaje ili lisije likawa upendeleo mpya kwa wale waliokwisha kufanya kazi kwetu?

Mpimaji

Kizingiti cha 52 ni cha busara, mradi sababu yake iandikwe kabla: kwamba mnaacha nafasi ya makosa mawili ya kipimo chini ya 60, na kwamba mmekadiria kosa hilo kuwa alama 4 kwa kuwa muuzaji hajatoa namba. Akiitoa baadaye, mrekebishe.

Kuhusu zoezi, kaa na makarani wako wazuri wawili watatu ambao hawahusiki na uchaguzi huu, uwaulize ni makosa gani yanayoigharimu ghala kuliko mengine. Kosa la katoni na kipande ulilolitaja ni zawadi kwa mtunga zoezi, lakini usilitumie lilivyo, kwa kuwa dada yule ndiye aliyeligundua. Tengeneza hati ya kupokelea mzigo, karatasi ya kuhesabia na ukurasa wa leja ambavyo havilingani mahali kadhaa ulipopachika wewe: tarakimu zilizobadilishana nafasi, kipimo kilichobadilika katikati ya safu, mzigo ulioandikwa mara mbili, tarehe ya kutoa iliyotangulia ya kupokea. Mwombaji atafute tofauti na aandike kwa sentensi chache angechukua hatua gani. Fomu zisiwe zenu. Buni za ghala lisilokuwapo, na uziambatanishe na ukurasa mmoja wa maelezo ambao kila mtu atausoma kwa dakika kumi kabla ya saa kuanza kuhesabiwa. Hapo mgeni na mwenyeji watakuwa wanakutana na karatasi zile zile kwa mara ya kwanza. Faida ya mwenyeji itabaki katika kuielewa kazi, na hiyo ndiyo mnayoitafuta.

Muda uwe wa kutosha kiasi kwamba wengi wamalize. Ghalani hamna kazi ya ukarani inayotakiwa kukamilika kwa sekunde 15, kwa hiyo hakuna sababu ya kupima kasi ya namna hiyo. Waulizeni waombaji mapema kama yupo anayehitaji maandishi makubwa au mpangilio mwingine. Mwongozo wa kusahihisha uandikwe kabla, wasahihishaji wawe wawili, karatasi zibebe namba badala ya majina, na wasahihishaji wanapotofautiana sana asome wa tatu. Wewe usisahihishe.

Jambo la mwisho linahusu mwakani. Hifadhi alama zote, za jaribio, za zoezi na za usaili, mahali ambapo wasimamizi watakaowatathmini hao 12 hawatazifikia. Msimamizi akijua kwamba fulani alipata 88, atamwona hodari hata siku alizokosea. Watu 12 ni wachache mno kwa hesabu yoyote ya kuaminika, lakini mkifanya hivi kwa awamu nne au tano mtaanza kupata ushahidi wa ghala lenu wenyewe, badala ya kutegemea kijitabu cha mtu.

Mstaafu wa Ajira

Kanuni hiyo naikubali. Ningekubali itumiwe hata na wale walioniletea vikaratasi. Ongeza kitu kimoja, ndugu yangu: mwite dada yule leo, umweleze kwamba atafanya zoezi kama wengine na kwamba huwezi kumwahidi nafasi. Asisikie habari hizo korido.

Msimamizi wa Ghala (muuliza)

Nimemwita, mzee. Aliniuliza swali moja tu, kama wale wengine 46 nao watapigiwa simu. Nikamwambia ndiyo, na barua ya pendekezo nimeipeleka kwa uongozi mchana huu.